Mahari ya Pili na ya Nne

Wewe unayesoma hapa, umewahi kukaza uzi wa cherehani mpaka ukakatika, halafu ukailaumu sindano? Mimi nimefanya hivyo mara nyingi, na huu ni mwaka wa hamsini na mbili tangu nianze kushona. Kuna skrubu ndogo ya chuma, ile inayobana uzi kabla haujashuka kwa sindano. Ukiizungusha robo, mshono unakaa vizuri. Ukiizungusha nusu, uzi unaanza kulia. Ukiendelea, unakatika, na nguo ya watu iko hapo mezani nusu mkono. Sikujua kwamba siku moja skrubu hiyo ingenisaidia kuelewa kompyuta, tena kompyuta ya mjukuu wangu Kui, wiki ile ambayo nusura nimwozeshe kwa makosa.

Nianze na Kui mwenyewe. Ni mtoto wa Ndung'u, mwanangu wa kwanza, ambaye anaendesha lori huko Naivasha. Kwa kuwa ni msichana wa kwanza wa Ndung'u alipewa jina langu, Wanjiku, ambalo hufupishwa Kui, na kwetu sisi Wakikuyu hiyo ina maana kwamba wanangu wote humwita "mami". Muturi, kitinda mimba wangu, mtu mzima mwenye tumbo na duka la vifaa vya ujenzi Bungoma mjini, humwita hivyo msichana wa miaka ishirini na nne. Mami njoo. Mami leta chai. Ukisikia kwa mbali utadhani anamtuma mamake mzazi. Nami nikiwa karibu huuliza, "Unaongea na mama yupi?" Basi anacheka na chai anajiwekea mwenyewe.

Kui anakaa nami hapa Kibomet, Kitale, tangu alipomaliza diploma yake ya video. Muturi ndiye aliyemsomesha. Kazi yake ni kupiga picha za harusi, mazishi na kwaya, kisha anaketi kwa kompyuta anakata hapa, anaunga pale, mpaka ile siku nzima ya watu inakuwa nusu saa ya kutazama bila kuchoka. Ana jicho. Lakini ana tatizo moja kubwa: hasemi anachotaka. Ukimuuliza kama anataka chai au uji, atakwambia, "Chochote, Shosho." Ukimuuliza anataka rinda la rangi gani, atakwambia, "Ile itabaki."

Desemba iliyopita Muturi alimchukua wiki tatu amsaidie dukani. Nilienda kumwona. Nilimkuta nyuma ya kaunta, katikati ya harufu ya rangi na turpentaini, akimpimia mtu misumari ya inchi tatu. Ukutani kulikuwa na televisheni ndogo, na macho yake yalikuwa huko. Nikadhani anafuata mchezo wa kuigiza. Kumbe alikuwa anagonga kidole kwenye mizani kila mara picha inapobadilika, tap, tap, tap, anahesabu yule aliyeikata ameikata wapi. Nikamuuliza polepole, "Unapenda hapa?"

"Ni sawa, Shosho," akasema, na mteja akapewa misumari zaidi ya aliyonunua.

Basi mwezi wa pili ulipofika katikati, Muturi akapiga simu. Kui alikuwa ameketi kando yangu na simu iko kwa spika.

"Mama, nafasi ya dukani iko, ya kudumu," akasema. "Chumba cha kulala pia kiko. Jumamosi ya mwisho wa mwezi nakuja na pikapu. Nikikuta hiyo kompyuta ya mami inafanya kazi kama kazi, tutaongea. Nikikuta bado inasinzia, nabeba yeye na mizigo yake. Mami, unasikia?"

"Nasikia, Anko. Ni sawa."

Halafu akaenda bombani akafua sweta ambayo haikuwa chafu.

Na kweli kompyuta ilikuwa inasinzia. Kulikuwa na video ya kwaya ya kina mama wa Naitiri, ile inayoongozwa na Agneta. Kui akibonyeza icheze, kina mama wananyanyua mikono, mikono inakwama hewani kama watu waliokamatwa na polisi, na ghafla wote wako chini wameketi. Agneta alipokuja kuitazama alishika kiuno. "Kui, kwani tulikuwa tunaimba ama tulikuwa tunafanya mazoezi ya shule?"

Aliyetambua ugonjwa alikuwa Khisa. Huyu Khisa ni fundi wa kompyuta Bungoma, ana kibanda nyuma ya soko, na Kui alimfahamu hiyo Desemba alipokuja dukani kutafuta skrubu ndogo. Ni mtu wa makamo, ana mke anaitwa Phelista na watoto watatu, na huniita Kukhu, yaani nyanya kwa Kibukusu. Phelista aliwahi kunitumia wimbi gorogoro mbili, yale makopo ya kupimia nafaka, bila sababu. Watu wazuri.

Khisa alimwambia Kui kwamba kompyuta haikuwa mbovu. Shida yake ilikuwa RAM. Mimi nikauliza RAM ni mnyama gani, na Kui akanieleza vizuri sana: "Shosho, kabati lako la vitambaa ni kubwa, si ndiyo? Lakini unakatia nguo mezani. Meza ikiwa ndogo, unakunja na kukunjua kitambaa siku nzima. RAM ndiyo meza." Hapo nikaelewa. Khisa akatuma vijiti viwili vya RAM kwa gari la vifurushi, vikafika Jumanne ya wiki ile ile ya Muturi. Vilikuwa vyembamba, urefu wa kiganja, na upande mmoja vina meno madogo ya rangi ya dhahabu. Nilitamani kuvigusa, nikakatazwa.

Jumanne hiyo baada ya chakula Kui akafungua ubavu wa kompyuta. Ndani kuna ubao mpana, na juu ya ubao kuna mifereji minne mirefu imesimama sambamba kama matuta ya viazi. Akachomoa kijiti kidogo cha zamani. Akachomeka kipya kimoja mfereji wa kwanza, na cha pili mfereji wa pili. Ndivyo mtu yeyote aliyefundishwa kuhesabu angefanya. Mimi nilikuwa nimeshika tochi, nikaona yuko sahihi kabisa.

Ikawaka. Ikawa afadhali, lakini afadhali ile ya mgonjwa aliyekunywa uji. Kina mama wa Naitiri sasa walikuwa wanashusha mikono, ila kwa vipande vipande. Kui akanionyesha ni kwa nini. Juu ya vijiti kulikuwa kumeandikwa kasi yake, elfu tatu mia mbili, lakini kompyuta ilikuwa inaviendesha kwa elfu mbili mia moja na kitu. Ati kompyuta yenyewe ni mwoga. RAM ngeni huianzisha polepole mpaka uiambie, iache ikimbie.

"Basi iambie," nikasema.

Kuiambia kuna namna yake. Unaizima, unaiwasha, na kabla haijaamka sawasawa unabonyeza kitufe kimoja mfululizo mpaka ufunguke ukurasa wa mipangilio, maandishi mengi kama fomu ya chifu. Hapo kuna mstari mmoja ukiuwasha, kompyuta inafuata ile kasi iliyoandikwa kwenye vijiti. Kui akauwasha. Skrini ikawa nyeusi. Feni zikazunguka, zikanyamaza. Zikazunguka, zikanyamaza. Mara ya tatu ikarudi ikiwa na ujumbe kwamba mipangilio imekataa, na ikarejea kwenye uoga wake.

Chini ya ile kasi kulikuwa na namba nne: kumi na sita, kumi na nane, kumi na nane, thelathini na nane. Hizo, Kui alisema, ni hesabu ya mapigo ambayo RAM inasubiri kabla ya kujibu inapoulizwa kitu. Namba ndogo ni kukaza, inajibu haraka. Namba kubwa ni kulegeza, inapewa pumzi. Nilipenda hapo, kwa sababu kukaza na kulegeza ni mambo yangu. Nikampa daftari jipya. "Badilisha kitu kimoja tu, ujaribu, uandike. Ukibadilisha vitatu pamoja hutajua ni kipi kimekuharibia."

Jumatano asubuhi nzima akafanya hivyo. Alishusha kasi kidogo: nyeusi. Alilegeza namba: nyeusi. Daftari likajaa neno hilo mpaka likaonekana kama la msiba. Saa sita akaniambia anaenda kusaga mahindi, nikajua anaenda kupumua. Simu yake ikabaki inachaji kando ya cherehani yangu, chumba cha mbele kinachotazama barabara.

Ikalia. Khisa Fundi.

"Kukhu! Mulembe!"

"Mulembe, baba. Phelista hajambo?"

"Hajambo sana. Kui yuko?"

"Ameenda kusaga."

"Basi nitakwambia wewe, umwambie. Nimelala nikifikiria hii maneno. Shida ni mahari."

Nikaweka mkasi chini. "Shida ni nini?"

"Mahari, Kukhu. Hatuwezi enda mbere kama mahari haijakuwa sawa."

"Mahari ya nani, Khisa?"

"Si ya hizo mbiri! Sikiza, andika. Ya piri na ya nne. Kui anaweza fikiria ni ya kwanza na ya piri. Hapana. Hiyo ndiyo makosa watu wengi hufanya. Mahari ni ya piri na ya nne."

Nikavuta pumzi. "Na Phelista anajua unapiga hii simu?"

"Phelista? Phelista ndiye amenikumbusha! Ameniambia, wewe pigia Kui mapema, mtoto wa watu asiteseke bure." Hapo mtandao ukaanza kukatakata. "Umwambie reo, Kukhu... mahari ikikaa sawa... itaenda mbio..." Ukakatika.

Sasa jiweke mahali pangu. Nilichukua daftari langu la vipimo, na chini ya mabega ya Chelimo, mteja wangu wa rinda la harusi, nikaandika: *Khisa. Mahari. Ya pili na ya nne.* Nikayatazama yale maneno mpaka yakajipanga yenyewe. Ya pili na ya nne ni miezi, nikasema. Watu wetu wa huku hawajali sana kama ni ya au wa. Anataka kuleta mahari kwa awamu mbili, mwezi wa pili na mwezi wa nne, na anaona Januari ilikuwa mapema mno. "Hizo mbili" ni familia mbili, yao na yetu. Na mwezi wa pili ndio huu tulio nao! Mke wa kwanza amebariki. Wimbi lile gorogoro mbili, kumbe nilikuwa natongozewa mjukuu.

Kui akarudi na unga. Sikumwambia kitu. Kwetu maneno kama hayo hayaanzi kwa msichana, yanaanza kwa wanaume wa nyumba, na mwanaume wa karibu alikuwa Muturi, anayekuja Jumamosi. Nikasema nitasubiri. Mimi kusubiri ni kipaji nilichopewa, nimewahi kusubiri zipu ya rangi moja miezi minne. Lakini Alhamisi, yeye akiwa anaandika "nyeusi" ya kumi na tisa nami napiga pasi, nikaona nichokoze kidogo.

"Huyo Khisa, wewe unamwonaje?"

"Ni mtu mpole, Shosho. Na anajua kazi."

"Ana mke."

"Eeh. Phelista, si unamjua?"

"Namjua. Kwa hivyo wewe huoni shida zikiwa mbili?"

Kui hata hakuinua kichwa. "Shida gani? Si Khisa mwenyewe alisema mbili zikifanya kazi pamoja ni bora kuliko moja kubwa?"

Niliacha pasi kwenye kola ya Chelimo mpaka nikasikia harufu.

Ijumaa saa nne asubuhi Khisa akapiga tena. Safari hii Kui alikuwepo, ameketi sakafuni kati ya vipande vya vitambaa vyangu, daftari magotini, na macho mekundu. Pikapu ilikuwa inakuja kesho. Akaweka spika.

"Kui, umeweka?"

"Nimeweka nini?"

"Mahari! Si nilimwambia Kukhu Jumatano? Ya piri na ya nne!"

Kui akanigeukia. Mimi nikajiweka sawa kitini, nikashika daftari langu la vipimo kwa heshima, nikasema kwa ile sauti ya kikao, "Khisa, mwanangu. Maneno hayo si ya simu. Kesho Muturi atakuwa hapa. Njoo na wazee wako, njoo na Phelista pia kama amekubali kwa moyo wake, tuketi chini. Na miezi tutaiongea hapo."

Nikasikia kuku wa jirani.

"Kukhu," Khisa akasema polepole, "Muturi na wazee wanatakiwa kwa RAM kufanya nini?"

Kui ndiye aliyeelewa kwanza. Alifunika mdomo kwa daftari. "Shosho. Shosho! Anasema mahali. Ma-ha-li! Mahali pa kuchomeka RAM!"

"Si ndiyo nasema," Khisa akapaza sauti, "mahari!"

Na mimi nimeishi na kufanya biashara na watu wa Bungoma miaka yote hii, najua l na r kwao ni majirani wanaoazimana viti! Kui alianguka chali kwenye vitambaa akacheka mpaka machozi yakaingia masikioni. Alipoweza kuongea akamwambia Khisa nilichokuwa nimeelewa.

"Wuui! Kukhu! Unataka Phelista aniue?" Kisha tukasikia sauti ya Phelista nyuma yake, "Nikuue kwa nini?" na Khisa akijibu haraka, "Hakuna, mama, ni maneno ya kompyuta."

Nilicheka nao, lakini nilikuwa naona haya. Siku mbili nzima nilikuwa nimeikalia dawa ya mtoto, naye anahangaika mbele ya macho yangu. Nikamwambia hivyo. Kui akapangusa uso. "Wacha, Shosho. Shika tochi."

Khisa akabaki kwenye spika. Akaeleza kwamba ile mifereji minne imegawanywa kwa njia mbili. Wa kwanza na wa pili iko njia moja, wa tatu na wa nne iko njia nyingine. "Ni kama kina mama wawiri wanachota maji kwa bomba moja, wanasukumana, na kuna bomba ringine hapo kando harina mtu. Ya piri na ya nne, kira mmoja na bomba rake."

Kui akachomoa umeme. Kijiti cha mfereji wa pili akakiacha. Cha mfereji wa kwanza akakihamisha wa nne, akakibonyeza huku na huku mpaka kikasema tak, tak. Akawasha. Akaingia kwenye ule ukurasa wa mipangilio, akawasha ule mstari, elfu tatu mia mbili. Tukatazama feni. Zikazunguka. Zikaendelea kuzunguka. Picha ikatokea.

Nikataka kupiga vigelegele, Kui akainua mkono. "Kuwaka tu haitoshi, Shosho. Lazima ipimwe." Kuna programu inayoandika vitu ndani ya RAM na kuvisoma tena, ione kama vimebadilika. Kikibadilika hata kimoja, mstari mwekundu unatokea. RAM yenye mstari mwekundu ni kama fundi anayesahau vipimo: leo anakushonea vizuri, kesho mkono mmoja mfupi, na hujui ni lini.

Dakika arobaini na kitu, mstari mwekundu ukatokea. Mmoja.

Mabega ya Kui yakashuka. "Nitarudisha ile ya uoga. Angalau hiyo haisahau."

"Usirudishe skrubu yote," nikasema.

"Skrubu gani?"

"Uzi ukikatika huulegezi mpaka mwisho, unalegeza robo. Hiyo namba ya kwanza, ya kusubiri, ni ngapi?"

"Kumi na sita."

"Ipe kumi na saba. Hiyo moja tu. Kasi usiiguse."

Akajaribu. "Haitaki kumi na saba. Inaruka yenyewe mpaka kumi na nane."

"Basi kumi na nane. Andika."

Akaandika. Tukaanza kupima saa sita kasorobo. Mimi nilihamisha kiti changu mbele ya skrini nikiwa na pindo la rinda la Chelimo, kola nyingine mpya ikiwa imeshashonwa. Kui hakuweza kuketi. Alichambua maharagwe, akafagia uani, akachambua tena yale yale maharagwe. Kila akipita mlangoni anauliza, "Shosho?" nami najibu, "Bado nyeupe." Ilipofika saa tisa na nusu programu ikasema imemaliza. Mistari myekundu, sufuri.

Akafungua kina mama wa Naitiri. Mikono ikapanda, ikashuka, laini kama maziwa yanamiminwa. Niliona hata Agneta akikosea hatua mstari wa pili na kumtazama jirani yake kwa hasira, jambo ambalo kompyuta ilikuwa imemfichia siku zote.

Jumamosi Muturi akafika saa nne na pikapu yake, amebeba sukari na mkate wangu, ameinamisha kichwa kuingia chumba cha nyuma ambako Kui hufanyia kazi. Ni chumba kidogo, kinapakana na stoo ya mahindi, na ukifungua mlango lazima mtu mmoja asimame. Kui hakusema mengi. Alibonyeza tu. Kwaya ikaimba. Alikata kipande mbele yake, akakiunga mahali pengine, akabadilisha rangi ya sare kutoka buluu iliyopauka ikawa buluu ya Jumapili, na kila alipogusa ilitii hapo hapo.

Muturi alikuwa ameacha mdomo wazi. "Mami, hii ni wewe umetengeneza? Hii ndiyo ile ilikuwa inasinzia?"

"Ni hiyo, Anko."

Nami nikatulia. Nikasema moyoni, basi, kompyuta imemsemea. Nikaenda kuweka chai.

Niliporudi na vikombe nikamkuta Muturi anazungumza kwa furaha, mikono inapima hewa. "...pale kona ya rangi, tunatoa zile ndoo, tunaweka meza. Wateja wakikosa, wewe unakata video zako. Wakija, unauza. Hii kitu ikiwa na nguvu hivi haiwezi kaa huku kwa mahindi bana! Twende nayo Bungoma. Mama, kuna blanketi kuukuu ya kufungia hii skrini?"

Mwanangu huyu ana moyo mzuri, na hapo ndipo ugumu ulipo. Mtu mbaya ni rahisi kumkatalia. Kui alikuwa ameshachomoa waya wa skrini. Alikuwa anauzungushia mkononi, mzunguko baada ya mzunguko, taratibu, kama mtu asiyetaka waya uishe. Nikafungua mdomo nimsemee. Nimemsemea tangu akiwa darasa la kwanza. Nikaufunga.

"Muulize," nikamwambia Muturi.

"Nimuulize nini?"

"Anataka nini."

Muturi akashangaa kidogo. Akamgeukia, kama mtu anayeuliza soda ya rangi gani. "Haya. Mami, unataka nini?"

Kui akatazama ule waya. Nilidhani nitasikia lile jibu lake la kila siku. Muturi naye akadhani hivyo, kwa sababu alikuwa ameshainama kushika upande mmoja wa skrini.

"Wacha hiyo, Anko," Kui akasema. "Iweke chini."

Muturi akaiweka.

"Umenisomesha, na sitasahau hiyo maisha yangu yote. Lakini sitaki kuuza misumari. Hata Desemba sikutaka. Sitaki kona ya rangi." Akaacha kuuzungusha waya. "Nataka kubaki Kibomet. Nataka kufanya video, hiyo pekee, kutoka asubuhi mpaka jioni, na mtu akiniuliza kazi yangu nisiseme nasaidia mahali. Na sitaki kufanyia huku kwa mahindi." Akanigeukia, uso umemwiva kabisa. "Nataka chumba cha mbele, Shosho, kile kinachotazama barabara. Kile chako cha cherehani. Nimekitaka tangu mwaka jana."